Foronya ya Koko: Kutoka Lewiston Hadi Le Havre

Jumapili, 14 Aprili 2024. Lewiston, Maine

Nimelifunga sanduku mara mbili na kulifungua mara mbili, nihakikishe kwamba ipo. Ipo. Ni foronya moja nyeupe ya kitani, nzito kuliko foronya za siku hizi, na pembeni zimetariziwa herufi mbili kwa uzi mwekundu. Uzi umepauka hadi ukawa rangi ya waridi. Foronya hii nimeipiga pasi kila Jumamosi kwa karibu miaka saba.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Nilifika Maine mwaka 2015 na wanangu wawili, tukitokea kambi ya Nakivale kule Uganda, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya kuwahudumia wazee majumbani. Mwaka 2017 nikapelekwa kwa bibi wa miaka 92 hapa Lewiston. Wanawe walinieleza shida moja tu: mama yao amepoteza Kiingereza. Alikizungumza miaka 70, kisha ugonjwa wa kusahau ukakifuta chote, ukamwachia Kifaransa cha utotoni. Wanawe wakubwa waliokijua vizuri walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Waliobaki walikuwa na maneno machache ya jikoni, hayatoshi kumuuliza mtu anaumwa wapi.

Siku ile ya kwanza nilimpandisha kwenye mzani, nikasoma ratili zake kwa sauti: "Nonante-huit."

Akageuza shingo. "Wewe Mbelgiji?"

"Hapana, Koko. Mimi Mkongo."

Kwa Mfaransa, tisini ni quatre-vingt-dix, yaani ishirini nne na kumi juu yake. Sisi tulifundishwa na Wabelgiji kusema nonante. Alinisahihisha neno hilo miaka yote saba na mimi sikulibadili, na naamini wote wawili tulilipenda zogo lile. Koko ndivyo kwetu tunavyomwita bibi mzaa mama au mzaa baba, na jina likamkaa. Alifariki Januari mwaka huu akiwa na miaka 99. Nonante-neuf.

Katika miezi yake ya mwisho alikuwa na maneno aliyoyarudia usiku: "Dites à maman qu'elle est arrivée." Mwambieni mama kwamba ilifika. Familia walidhani ni maruweruwe. Nikawaambia si maruweruwe, anaisema foronya. Ndipo mjukuu wake wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, akaninunulia tiketi. Anataka kwenda kulisema neno hilo kwenye kaburi la mama yake Koko, na hana Kifaransa. Mimi ndiye mdomo wake.

Basi la Boston linaondoka saa saba mchana.

Jumatatu, 15 Aprili. Angani, kisha kwenye treni

Boston hadi Paris ni saa sita na nusu. Koko, kwa upande wa pili, ilimchukua siku kumi na moja melini, Aprili 1946, na mamia ya wanawake wenzake waliobeba watoto wachanga na ndoo za kutapikia.

Paris hatukukaa. Tulikwenda moja kwa moja stesheni ya Saint-Lazare tukapanda treni ya Le Havre, mji wa bandari alikotoka Koko, safari ya saa mbili na kitu. Mto Seine unauvuka, unaupoteza, mara umerudi tena upande mwingine. Mjukuu alitazama dirishani hadi Rouen, kisha akaniuliza: "Bibi alikusimulia nini?"

Swali lile lilinichoma. Ni damu yake, naye ananiuliza mimi wa kupita njia. Nikamwanzia mwanzo.

Koko alikuwa binti wa kuli wa bandarini, mtaa wa Saint-François. Baba alikufa kabla ya vita, akabaki na mama na mdogo wake wa kiume. Vita vilipokwisha alipata kazi ya kufua nguo katika kambi ya Wamarekani, na huko akakutana na mkalimani wa kikosi, kijana wa Lewiston ambaye wazazi wake walitoka Québec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, kuja kufanya kazi viwandani. Kifaransa chake kiliwashangaza watu wa Le Havre, maana alitamka kama wazee wa mashambani. Si ajabu. Wahamiaji wengi wa mwanzo wa Québec walitoka huku huku Normandie, wakaondoka na maneno ambayo nyumbani yalikuja kuzeeka.

Kuoana haikuwa rahisi. Ilihitajika ruhusa ya kamanda, kisha ofisi ya meya, ndipo kanisani, kwa kuwa Ufaransa ndoa ya serikali hutangulia. Halafu tarehe 28 Desemba 1945 Marekani ikapitisha sheria ya kuwapokea wake wa askari wake nje ya hesabu ya kawaida ya wahamiaji, na serikali ikagharimia meli. Wanawake wa Kifaransa kama 6,000 waliondoka kwa njia hiyo.

Mama mkwe alimpokea stesheni ya Lewiston kwa mikono miwili, akamwambia: "Embarque dans le char!" Kwa watu wa Québec char ni gari. Kwa binti wa Le Havre, char ni kifaru cha vita. Alisimama pale na sanduku mkononi, macho yakitafuta kifaru. Kila alipofika hapo katika masimulizi yake alicheka mpaka namshika bega asianguke kitini.

Wakapanga ghorofa ya nne katika Petit Canada, mtaa wa watu waliotoka Québec, kando ya mto Androscoggin. Alizaa watano. Mume alishika zamu ya asubuhi katika kiwanda cha Bates Mill, yeye zamu ya jioni, akifuma mashuka ya kutandika juu ya kitanda, na watoto walipokezwa ngazini: mmoja anapanda, mwingine anashuka, na mtoto mchanga anabadilisha mikono katikati. Mitambo ilikuwa na kelele kiasi kwamba wafumaji walisomana midomo. Koko aliniambia Kiingereza chake cha kwanza alikiona kabla ya kukisikia.

Na shule. Tangu mwaka 1919 sheria ya Maine ilitaka shule za serikali zifundishe kwa Kiingereza, na ilidumu hadi miaka ya 1960. Siku moja mtoto wake wa pili alirudi nyumbani akasema: "Mama, usiniite kwa Kifaransa mbele ya wenzangu." Usiku huo Koko aliwaimbia wanawe kwa Kiingereza cha redioni.

Mjukuu alikaa kimya mpaka Bréauté. Kisha akasema, "Huyo wa pili ndiye baba yangu."

Hatukuongea tena hadi Le Havre.

Jumanne, 16 Aprili. Le Havre

Upepo wa hapa hauna adabu. Mji wote ni zege, barabara zimenyooka kama zimepigwa rula, na mwanga wa bahari unaingia hadi ndani kabisa. Watu wengi huuona mji huu mbaya. Mimi sikuuona mbaya hata kidogo. Niliona mji uliokufa ukakubali kuzikwa na kuzaliwa upya: tarehe 5 na 6 Septemba 1944 ndege za Waingereza ziliuangamiza ili kuwatoa Wajerumani, raia kama 2,000 wakafa katika siku zile za Septemba, na watu 80,000 wakakosa pa kulala. Tarehe 12 ukakombolewa. Mkombozi na muuaji walikuwa mtu mmoja. Kwetu Kivu hilo halihitaji maelezo. Msanifu Auguste Perret ndiye aliyepewa kazi ya kuujenga upya, na mwaka 2005 UNESCO ikauweka katika Urithi wa Dunia.

Saint-François tuliipata. Jina la mtaa lipo, nyumba ni nyingine. Tulikula kome kwa chipsi pale ambapo labda palikuwa jikoni kwao, labda palikuwa barabarani.

Sasa naelewa kwa nini Koko hakurudi hata mara moja. Nilipomuuliza aliniambia: "Mji wangu ulinitangulia kufa. Nirudi kwa nani?"

Jumatano, 17 Aprili. Gainneville

Leo ndiyo siku niliyoingojea.

Gainneville ni kijiji mashariki ya Le Havre. Mwaka 1945 Wamarekani walizungushia mji wa Le Havre kambi kubwa kubwa na kuzipa majina ya sigara: Lucky Strike, Old Gold, Pall Mall. Ya Gainneville iliitwa Philip Morris, na humo wanawake waliosubiri meli waliwekwa, wakapimwa afya, wakapangiwa karatasi zao. Tumekuta mashamba, nyumba mpya, barabara yenye malori. Hakuna cha kushika. Tukasimama ukingoni mwa shamba la ngano ambayo bado ni nyasi tu, nikamsimulia hapo hapo kisa cha foronya, kwa kuwa kilitokea hapa.

Mama yake Koko hakutaka ndoa ile. Mwanawe wa kiume aliuawa na mabomu, na kwake yeye Muingereza na Mmarekani walikuwa kitu kimoja, wale wa angani. Hakwenda kwa meya, hakwenda kanisani. Koko alipoingia kambini kungoja meli, waliagana kwa ubaya, au niseme hawakuagana.

Basi siku ya kwanza kambini wafungwa wa Kijerumani waliokuwa wakihudumu mezani walileta mkate. Mkate mweupe wa jeshi la Marekani, laini kama pamba. Mjini tikiti za mgao wa mkate zilikuwa zimerudi tangu Januari ule, na mkate wenyewe ulikuwa mweusi, unaganda kwenye meno. Koko alikula kipande kimoja. Vilivyobaki alivitia kwenye foronya yake, ya kitani, ile aliyotarizi mwenyewe herufi zake alipokuwa msichana akiandaa vitu vyake vya ndoa. Kwa siku tatu alikusanya vipande. Kisha akampa dereva mmoja wa mjini sigara ili ampelekee mama yake.

Siku mbili baadaye dereva akarudi na foronya. Ndani hamkuwa na kitu. Hakuna barua wala salamu ya mdomo. Lakini ilikuwa imefuliwa. Imepigwa pasi, imekunjwa nne, kingo juu ya kingo, inanukia sabuni. Sabuni wakati ule ilitolewa kwa tikiti kama mkate. Koko aliniambia aliiweka usoni akainusa hadi meli ilipoondoka, na kwamba harufu ile ilidumu hadi katikati ya bahari, ikaisha.

Mama mtu alifariki mwaka 1957. Koko alikuwa na watoto watano na mume mwenye kifua kibovu kwa vumbi la pamba. Nauli haikuwepo. Barua zilikwenda na kurudi miaka yote ile, za hali ya hewa, za majina ya watoto, na katika hizo hakuna hata moja iliyotaja foronya. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Jambo jingine nalo sitaki kulipita. Koko alikuwa na rafiki pale kwenye dobi aliyezaa na askari mweusi. Bandari hii ilipakuliwa na askari weusi kwa maelfu, na malori yaliyopeleka petroli na risasi kwenye mstari wa mbele yaliendeshwa zaidi na wao. Askari yule aliomba ruhusa ya kuoa, akanyimwa. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa yakikataza ndoa kama hiyo kwa sheria, na Mahakama Kuu haikuyafuta makatazo hayo hadi mwaka 1967. Rafiki yake Koko alibaki gatini na mtoto mgongoni. Koko alimtaja mara nyingi kuliko alivyozitaja dada za mumewe.

Alhamisi, 18 Aprili. Jenner, na kanisa

Mji wa Le Havre una sehemu ya chini na sehemu ya juu, na kati yake kuna mteremko uliotobolewa kwa handaki linaloitwa Jenner. Magari hupita. Mwaka 1944 lilikuwa bado halijamalizika, halina mlango wa pili, na watu walikimbilia humo kujificha. Tarehe 6 Septemba bomu liliziba mlango. Zaidi ya watu 300 walikufa humo ndani. Mdogo wake Koko alikuwa mmojawapo, mvulana wa miaka 14 aliyetumwa mbele na mama yake akashike nafasi.

Mjukuu aliweka kiganja ukutani. Mimi nilisali Baba Yetu kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo ilivyonijia.

Jioni tukaingia kanisa la Saint-Joseph, ambalo Perret alilijenga na ambalo huwakumbuka waliokufa katika mabomu. Nje ni mnara wa zege wa mita 107, mkavu kabisa. Ndani unainua macho na kuta zote zimejaa vioo vya rangi, 12,768 kwa hesabu, na jua la machweo likipita linaacha mabaka ya rangi ya chungwa juu ya zege, juu ya viti, juu ya mikono yetu. Tulikaa mpaka mabaka yakapanda ukutani na kuzimika.

Ijumaa, 19 Aprili. Makaburini

Mvua tangu asubuhi.

Makaburi ya Sainte-Marie ni makubwa kama kata nzima. Ofisini tulimpata mama mmoja mpole mwenye miwani mnyororoni. Nilimpa jina na mwaka. Akafungua daftari, akafungua kompyuta, akarudi kwenye daftari. Akaniambia polepole, kama mtu anayejua anachokibeba: hapa ardhi ya kaburi hukodiwa kwa miaka. Hii ilikodiwa miaka 30. Muda ulipokwisha, hakuna aliyekuja kulipia, eneo likachukuliwa, na mabaki yakahamishiwa kwenye nyumba ya mifupa, pamoja na ya wengine.

Nimefanya ukalimani hospitalini na mahakamani. Sijawahi kutafsiri jambo zito kama lile. Nilimgeukia mjukuu nikatafuta maneno ya Kiingereza, nikayapata yote, na hakuna lililofaa. Mama yangu mzazi alizikwa Bukavu mwaka 2018, mimi nikitazama kwenye simu, mtandao ukikatika katika kila fungu la udongo. Kaburi lake sijaligusa. Nililia pale ofisini, mbele ya watu, na mjukuu ndiye aliyenishika.

Tulikwenda. Ni jengo la chini la mawe, na mlango wa chuma. Mjukuu akaitoa foronya kwenye plastiki, mvua ikaipata. Tangu jana usiku nilikuwa nikimfundisha ile sentensi, naye aliirudia kama watoto wake wa shule, kidole hewani. Sasa akaisema, kwa lafudhi ya Maine, taratibu: "Maman, elle est arrivée."

Na hapo ndipo nilipogutuka. Miaka yote nimekuwa nikiitafsiri kichwani mwangu "ilifika". Lakini Kifaransa kina elle moja tu, ya kitu na ya mtu. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Ilifika, foronya. Au alifika, yule binti. Nilisimama kwenye mvua nikajaribu kuisikia tena sauti ya Koko ile ya usiku, nijue alisema lipi, na sikuweza.

Mjukuu akaniuliza, "Nimekosea?"

"Hapana," nikamwambia. "Hujakosea."

Jumamosi, 20 Aprili. Sainte-Adresse

Kesho tunarudi. Leo mbingu imefunguka, tukapanda kwa miguu hadi Sainte-Adresse, mji mdogo ulioungana na Le Havre juu ya mwamba. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Wakati wa vita vya kwanza, kuanzia Oktoba 1914, serikali ya Ubelgiji ilikimbilia hapa, na waziri wake wa Makoloni akiwamo. Septemba 1916, babu zetu walipoingia Tabora na bunduki na mizigo ya Mbelgiji, serikali iliyowatuma ilikuwa mkimbizi katika barabara hizi za kuogea bahari. Nilikuwa nadhani nimekuja mahali pasiponihusu. Kumbe Kongo ilishawahi kutawaliwa kutoka hapa. Kule juu kuna kanisa dogo la Notre-Dame-des-Flots, limejaa vibao vya mabaharia waliookoka, na mbele yake meli za kontena zinasubiri zamu mkabala na njia ile ile aliyopita Koko.

Ufukweni kote ni mawe ya mviringo, yanalia chini ya viatu. Mjukuu alitaka kuchukua moja akaliweke kaburini Lewiston. Kibao kinakataza kuyachukua. Akalirudisha chini.

Usiku huu, kwenye nyumba ya wageni, nimeitoa foronya. Tope la jana limekauka pembeni. Nimeiloweka kwenye beseni, nikaifua kwa sabuni ya mche niliyoinunua dukani chini, nikaisuuza maji matatu, nikaianika juu ya hita. Mapokezi wakaniazima pasi. Kitani hupigwa pasi kikiwa bado na unyevu, ndivyo Koko alivyonifundisha, na herufi hupigwa kwa upande wa nyuma ili uzi usilale. Nimeikunja nne, kingo juu ya kingo.

Mjukuu alikuwa ameshalala. Nimemwekea juu ya begi lake, bila karatasi yoyote, nikazima taa.